Wageni Waliokunywa Ndama

Kicheko ndicho kilichotupeleka Rurambo, juu mlimani. Siku hiyo mkurugenzi wetu alisimama mbele ya watu wa biro, yaani ofisi ya kampuni yetu ya simu hapa Uvira, akatangaza kwamba kuanzia sasa mfanyakazi akienda misioni, yaani safari ya kazi, kijijini hatalipiwa chumba cha kulala. Atalala kwa wenyeji. Watu wa huku, alisema, wana moyo wa kupokea wageni, na kampuni ingekosa adabu kuudharau moyo huo. Alisema pia kwamba ile chumvi, sabuni na sukari tuliyozoea kuwapelekea wenyeji imekwisha. Mgeni halipi, alisema. Akilipa si mgeni.

Fundi wetu mkuu wa antene, mtu mnene wa Kalundu mwenye sauti ya kuita mashua, akainua mkono.

"Direkta, na weye ukienda, utalala kwa nani?"

Biro nzima ilicheka. Mimi nilicheka kuliko wote, maana jibu nilikuwa nalo: ni mimi niliyekuwa nikimtafutia hoteli kule Bukavu, yenye maji ya moto na dirisha la kutazama ziwa. Mkurugenzi hakukasirika. Alingoja huku akitazama mdomo mmoja baada ya mwingine, kama mwalimu anayehesabu wachelewaji.

Kazi yangu ilikuwa kuwasafirisha wafanyakazi. Sikuipata kwa diploma. Shule niliiacha kabla ya kumaliza darasa la sita, si kwa kufukuzwa, ila nilichoka kuambiwa nisiulize. Nilibeba mizigo bandarini Kalundu, nikauza ndagala, wale dagaa wa ziwani, nikaendesha moto, yaani pikipiki, kama motari wengine, nikalinda ghala la saruji, nikaenda na mashua hadi Kalemie kwa sababu tu nilitaka kuona mahali mashua zinapogeukia. Nilipoajiriwa, kampuni ilinunua watu niliowafahamu: manahodha wanaojaza mashua kupita kiasi na wasiojaza, motari walevi na motari wazima. Nilijua nani akae kabineti ya mbele, kando ya dereva, na nani akae nyuma na vumbi. Hilo la kabineti lilinipa maadui wengi kuliko kazi zote nilizowahi kufanya.

Sheria moja sikuitunga mimi. Anayekwenda misioni harudi mpaka biro imwite. Mwanzoni ilikuwa na maana, vifaa visiachwe njiani. Baadaye ikawa kiboko. Mkurugenzi hakumfukuza mtu, alimsahau. Mhasibu mmoja alisahauliwa Fizi mpaka mtoto wake akabatizwa yeye hayupo. Aliporudi, mkurugenzi alimpongeza kwa mtoto, akamuuliza jina, akalisifu.

Basi antene ya Rurambo ikafa, na ilipokufa mkurugenzi alifurahi kama mtu aliyeletewa barua nzuri.

"Fundi atapanda," akasema. Kisha akanigeukia. "Na weye unapangiaka wenzako njia kila siku. Panda naye, ukajionee. Kurudi kwenu, nitapanga minye mwenyewe."

Gari lilituteremsha mahali barabara ya uwandani inapoagana na mlima. Motari wakapandisha betri, nyaya, gunia la unga, gunia dogo la ndagala, na sisi. Baridi ilitupokea kabla ya watu. Kapita wa kijiji, yaani mkubwa wa pale, alisoma karatasi yetu ya misioni, akaitia muhuri, akauliza tumeleta chumvi gani mwaka huu. Fundi akamjibu kwamba mwaka huu tumeleta sisi wenyewe. Kapita hakucheka. Alitupeleka kwa mama mmoja mjane, nyumba ya mwisho kabla ya malisho.

Mama yule alikuwa mrefu, mkavu, asiyesema sana, na kila alilosema lilikuwa na mwiba. Nyumba yake ilikuwa na vyumba viwili. Alitupa chenye kitanda, akahamia na binti yake karibu na jiko. Fundi alimpa ndagala kwa heshima. Mama aliingiza mkono guniani, akatoa kiganja, akakitazama kwa muda.

"Hivi vyote viko na macho," alisema. "Minye siwezi kula kitu chenye kinaniangalia hivi."

Jioni ile ile nilimuuliza juu ya ng'ombe wake, maana mimi huuliza. Kwa mara ya kwanza na ya mwisho nilimwona akicheka. Ng'ombe hakuwa wake. Alikuwa wa tajiri mmoja wa Lubarika, kule uwandani, ambaye hapendi baridi. Mapatano yao yalikuwa ya watu wote wa huko: unamfugia mtu ng'ombe, ndama wa kwanza ni wa mwenyewe, wa pili ni wa mwenyewe, wa tatu ndiye wako. Mume wake alikufa baada ya wa kwanza. Wa pili alichukuliwa mwaka uliopita. Wa tatu alikuwa pale mlangoni, jike, mwekundu mwenye doa jeupe chini ya koo, bado hajajua kula majani. Tangu utoto yule mama alikuwa akinuka ng'ombe wa watu.

"Huyu njo wangu," alisema, akamshika ndama mkia. "Kuanzia hapa mpaka kwenye pua."

Asubuhi alituletea maziwa. Kilikuwa chombo kimoja cha mti, kilichofukizwa moshi ndani, tukinywe wote wawili. Mimi nilianza, fundi akamaliza. Alikimaliza sawasawa, akakipiga kitako kwa kiganja ili mama asikie kwamba hakuna kitu. Kwao Kalundu ndivyo mgeni anavyoshukuru. Mama wa nyumba akikuta samaki wamebaki sahanini, anajua wamekosewa chumvi, au mgeni ana neno moyoni. Mama wa Rurambo alitazama ndani ya chombo, akaondoka nacho. Kesho yake kilijaa zaidi.

Antene tuliitengeneza upesi. Tatizo lilikuwa betri na panya. Mtandao ukarudi mzuri kuliko wa Uvira mjini. Fundi akapiga simu papo hapo, akiwa bado juu ya chuma cha antene.

"Direkta, tumemaliza!"

"Muzuri sana. Gari inakuja kesho."

Neno hilo nililifahamu. Nililisema mwenyewe mara nyingi kwa niaba yake, nikiwa nimekaa kwenye kiti changu chenye mto. Nilimwambia fundi afungue tena gunia la unga.

Gari halikuja kesho, wala kesho ya kesho hiyo. Unga ulikwisha. Ndagala wakabaki wachache na vumbi lao. Mama alitupa viazi na maharage, na kila asubuhi chombo cha maziwa. Fundi, ambaye sasa alikuwa na njaa ya kweli, aliendelea kukimaliza na kukipiga kiganja. Wiki ilipopinduka nilianza kuona kwamba ndama hasimami vizuri. Manyoya yake yalikuwa yamesimama kama ya paka aliyenyeshewa. Nilipokaa kizingitini alikuja, akachukua vidole vyangu mdomoni, akavivuta. Vilivutwa kwa nguvu. Nilicheka, nikamwachia vidole kwa muda mrefu, nikidhani ananipenda.

Jirani mmoja, mchungaji wa ng'ombe mwenye koti la mvua lisilo na mkono mmoja, alikuja kuomba moto wa jiko, akanikuta hivyo.

"Ninyi bantu ba samaki," aliniambia, "munakunywa ndama."

"Tunakunywa maziwa."

"Munakunywa ndama, nakuambia. Chombo kinarudi wazi kila siku. Huku, mugeni akimaliza, amesema: sijashiba. Mwenye nyumba atafanya nini? Anaenda kumukamua tena. Ile ya mwisho, yenye alikuwa anamuachia mutoto, njo yenu sasa."

Nikamuuliza kwa nini mama hakutuambia. Alinitazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini havai suruali kichwani.

"Akuambie nini? Akuulize unaenda lini? Afazali ndama akufe."

Akachukua kaa lake la moto, akaenda.

Nilimweleza fundi mara moja. Alikuwa amelala kwenye kitanda cha mama, viatu miguuni kwa sababu ya baridi. Alisikiliza yote.

"Shule uliikimbia," alisema, "sasa unasomea ngombe?"

"Kaka, kesho tubakishe. Hata nusu."

"Sikia." Akainuka, akakaa. "Direkta haogopaka mutu kulia. Direkta anaogopaka kesi. Ndama akikufa, kapita atafanya kesi, kampuni itaitwa, gari itakuja siku ile ile. Weye unafikiri gari itatoka wapi? Mbinguni?"

"Njo maana unamaliza?"

"Minye nilikuwa namaliza juu ya heshima. Sasa namaliza juu ya gari."

Alisema hivyo bila hasira, kama anavyoeleza betri ipi ifungwe kwanza. Alikuwa na watoto sita Kalundu, na mke aliyeanza kuambiwa na majirani kwamba misioni haichukui muda huo, kwamba huko mlimani kuna mke mwingine. Kesho yake nilipokea chombo kwanza, nikakigusa tu kwa midomo. Yeye akakichukua mikononi mwangu, akanywa fungu lake na langu, akapiga kiganja. Mama alikuja, akatazama ndani.

Nikajaribu kwa mama mwenyewe. Nilimfuata malishoni, nikasema kwa adabu yote niliyokuwa nayo kwamba tumeshiba, tumenenepa, asitukamulie tena.

Aliacha alichokuwa akifanya.

"Ngombe wangu amekukosea nini?"

"Hapana, mama, ni..."

"Mugeni akikataa maziwa, chuchu zinakauka. Unataka zikauke? Weye ulikuja hapa kunitakia hiyo?"

Binti yake, aliyekuwa amemshika ndama kwa kamba, alitazama chini. Ndama alikuwa amepiga magoti ya mbele, akilamba jiwe.

Ningeweza kushuka kwa miguu. Nimeshuka milima mirefu zaidi nikiwa na mzigo wa mtu mwingine kichwani. Lakini sheria ilikuwa wazi: asiyeitwa akishuka, ameacha kazi, na aliyebaki na betri anahesabiwa ameiacha naye, kwa kushindwa kumzuia. Fundi alinishika shati nilipotaja kushuka. "Ukienda, tumefukuzwa wawili," alisema. "Weye utapata kazi ingine, uko mutu wa kuzunguka. Minye nitazunguka wapi na tumbo hii?" Hata hivyo tumbo lenyewe lilikuwa limekwisha kupungua.

Nikapiga simu. Nilipanda hadi chini ya antene, pale sauti ilipokuwa safi kabisa, nikamwambia mkurugenzi ukweli wote, pole pole: desturi ya chombo, mapatano ya ndama wa tatu, magoti, jiwe. Sikuomba gari kwa ajili yetu. Nilisema tu kwamba kila siku tunayokaa, yule mama anapoteza kitu ambacho amekingoja maisha yake yote, na kwamba motari wawili wangetosha kumwokoa.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha nikasikia mlio wa spika ya simu kufunguliwa ili chumba kizima kisikie.

"Rudilia kidogo," alisema mkurugenzi. "Pale pa ndama."

Nikarudia. Kicheko kilichotoka kwenye ile simu nilikijua, kila mtu na chake. Kile cha mhasibu aliyesahauliwa Fizi kilikuwa cha juu kuliko vyote.

"Mumufanyie ndama karatasi ya misioni!" mtu alipiga kelele.

"Ashuke naye, akae kabineti ya mbele!" alisema mwingine, na hilo lilinilenga mimi, kwa sababu ya zile siku zote nilizowaweka nyuma na vumbi.

"Umesikia biro," alisema mkurugenzi, na sauti yake ilikuwa ya upole. "Tutaangalia. Wenyeji wetu wana moyo. Usiudharau."

Mtandao ulikuwa mzuri sana. Tuliutengeneza wenyewe.

Ndama alikufa asubuhi, jua likiwa limeshatoka, mlangoni, kichwa kikiwa kimeelekea ndani. Mama hakulia. Aliinama, akampapasa kuanzia mkiani mpaka puani, vile vile alivyonionyesha siku ya kwanza, kisha akaomba kisu kwa jirani. Jirani akaja nacho. Kapita naye akaja. Fundi alivaa shati lake safi, akakaa kwenye kigoda, akingoja kesi.

Hapakuwa na kesi. Kapita alitikisa kichwa, akasema ni bahati mbaya, akasema mgeni hawezi kushitakiwa kwa alichopewa kwa mikono miwili. Fundi aliuliza mara mbili kama ana hakika. Kapita akasema ana hakika.

"Na wa tatu sasa?" nilimuuliza mama. "Atakayezaliwa si atakuwa wako?"

"Wangu nilishapata," alisema, huku akichuna. "Kwa mwenye ngombe, wangu ni huyu. Nimepewa, amekufa kwangu. Tunaanza tena: wa kwanza ni wake, wa pili ni wake." Akafuta kisu kwenye nyasi. "Kampuni yenu haina chumvi kweli?"

Hatukuwa nayo. Alitoa ile ya chungu chake. Ngozi ya ndama akaijaza nyasi kavu, akaishona kwa kamba, akaisimamisha kwa vijiti vinne, akaipaka chumvi mgongoni. Ng'ombe wa huko hatoi maziwa asipomwona mtoto wake. Akinyimwa, anayazuia mpaka yanakauka, na mama alikuwa na binti wa kulisha. Nilimuuliza jirani kama ng'ombe hudanganyika kweli. Akasema hudanganyika siku zote, ndiyo maana yeye ni ng'ombe.

Alasiri ile ile dereva wetu akafika na motari. Alikuwa anacheka tangu mbali. Alikuwa ametumwa na kopo moja kubwa la maziwa ya unga, lililofungwa utepe mwekundu wa Noeli.

"Direkta anawasalimia! Anasema mushuke kesho, na hii ni ya ndama! Biro yote ilibaki inalia kwa kucheka, nawaapia, mama wa usafi alilala chini..."

Hapo akaona ngozi imesimama kwenye vijiti vyake, na kicheko kikamkwama. Mama alikwisha kunyoosha mikono miwili, maana zawadi hupokelewa hivyo. Dereva akampa. Mama alilipindua kopo, akaitazama picha ya ng'ombe mnene kwenye majani mabichi.

"Ngombe wa nani huyu?"

"Ni picha tu, mama. Unatia maji, inakuwa maziwa."

"Haumwi?"

"Hapana."

"Hana mwenyewe wa Lubarika?"

Dereva alitikisa kichwa.

"Heri ningezaliwa kwao," alisema mama, akaliingiza kopo ndani.

Asubuhi fundi hakungoja maziwa. Alitoka mapema kufunga betri kwenye pikipiki, akipiga kelele kwa motari kwamba kamba haijakaza, na dereva akamfuata. Nilibaki peke yangu kwenye kigoda. Nje niliwaona mama na binti yake wakimleta ng'ombe mbele ya ile ngozi. Aliinusa, akaisukuma kwa pua, ikayumba. Akaanza kuilamba chumvi. Mama akachuchumaa haraka, akakamua.

Aliniletea chombo. Maziwa yalikuwa ya vuguvugu, yenye harufu ya moshi kama siku zote. Nilikunywa polepole, na safari hii hapakuwa na mtu wa kumaliza fungu langu. Nilibakisha kiasi cha vidole viwili, nikakiweka chini kwa uangalifu ili mama aone.

Alikichukua, akatazama ndani.

"Leo umebakisha."

"Ndiyo, mama."

"Umejifunza muzuri." Alikitikisa kidogo, yale maziwa yakazunguka. "Umemubakishia nani?"

Motari walikuwa wameshawasha. Fundi aliniita kwa jina, kwa ile sauti ya kuita mashua. Mama akanirudishia chombo mkononi, akasimama mlangoni, pale ndama alipokuwa amelala, na hakunipisha mpaka nilipokimaliza.